Suruali Isiyo na Vifungo

Mmeniomba niandike, nami naandika, ila msidhani naandika kwa furaha.

Ninyi vijana wa kanisa mlinitumia ujumbe kwenye simu, mkasema mnatengeneza kijitabu cha wazee waliofanya kazi hapa Yeoville, na kwamba Papa Fundi aeleze habari za cherehani. Vizuri. Kisha mkanitumia na picha mnayotaka kuiweka juu ya maneno yangu: koti la kaki la askari, lina tundu upande wa moyo, na chini yake mmeandika kwamba fundi wetu alishona sare ya shujaa aliyepigwa risasi Burma.

Nani aliwaambia alipigwa risasi?

Mimi niliishia darasa la tatu, huko Kalemie. Tangu hapo sijakalia dawati la mtu na sijaona aibu. Nilicho nacho chote vidole hivi vilinipa. Majoho ya kwaya mnayoimbia, nimeshona mimi. Sare za walinzi wa nusu ya mtaa huu, mimi. Suti za harusi za watu ambao leo wakinikuta kwenye robot, zile taa za barabarani, wanapandisha vioo vya gari, mimi, na najua kiuno cha kila mmoja wao kina inchi ngapi. Kwa hiyo siwaogopi. Haya nitakayoandika mtayachapa yote, au msichape hata jina langu. Yule askari ana binti. Binti mwenyewe ni kikongwe, yuko mtaa wa Observatory, kule kilimani, anapumua, na sitaki afe huku uongo juu ya baba yake umelala kwenye karatasi za kanisa.

Mlitaka kazi. Haya, kazi.

Aliyenifundisha ni Fundi Mukalayi, mtu mfupi, mwepesi wa kofi kuliko wa kusifu. Mteja wa kwanza aliyeniachia alikuwa mwalimu mmoja aliyetoka hospitali na ugonjwa wa kifua, amekonda kama mwiko. Alitaka suti. Nikampima kwa uangalifu wote, nikakata kitambaa kamili kabisa, kwenye kingo za mshono sikuacha hata upana wa ukucha. Suti ikamkaa kama ngozi yake mwenyewe. Nikajiona mfalme. Miezi ikapita, mwalimu akapona, akala ugali na samaki wa ziwa, akanenepa. Siku moja akaingia dukani ndani ya ile suti, anatembea kama ubao, akajaribu kukaa, vifungo vikaruka. Kimoja kikatumbukia kwenye chai ya Fundi Mukalayi.

"We mtoto, ulimpima mtu au ulipima jeneza?" Mukalayi akaniuliza.

Mwalimu akacheka mpaka mshono wa mgongoni nao ukaachia. Mimi nikala kofi.

"Mgonjwa unamwachia kitambaa ndani," Mukalayi akasema, anaokota kifungo kwenye chai. "Ukimkatia kamili, umemwambia hatapona."

Tangu siku hiyo naacha vidole viwili vya kitambaa ndani ya kila mshono, awe mgonjwa, awe mzima. Ninyi mnaoshona sasa kwa zile mashine zinazokata na kufunga ukingo kwa mpigo mmoja, mnaacha nini ndani? Hewa. Mteja akinenepa kidogo mnamwambia anunue nyingine. Na kaki hamuiloweki. Kaki ya kweli inywe maji kwanza, ilale usiku kucha kwenye beseni, ikaushwe, ndipo mkasi uiguse. Ukishona kavu, mvua ya kwanza itampandishia mtu suruali mpaka kwenye ugoko. Mnaicheka pasi yangu ya mkaa, sivyo? Umeme ulipokuwa unakatika kila siku, nani walikuwa wamepanga mstari mlangoni kwangu na majoho yao mikononi? Niliwaona. Niliwapigia pasi na sikusema neno. Sasa nasema.

Lakini yote haya nilikuwa nayajua siku nilipofanya upumbavu mkubwa kuliko wote. Na sikuwa mwanafunzi tena. Ilikuwa mwaka juzi, nimeshazeeka, kazi yangu ya mwisho kabla sijauza cherehani.

Nkambo Feza aliniita nyumbani kwao. Nkambo, kwa ninyi mliozaliwa hapa mkabaki na Kizulu na Kiingereza tu, kwetu ndiyo bibi au babu. Nikapanda kile kilima kwa miguu, nikamkuta amekaa uani juani, anachambua maharagwe kwa kupapasa, maana macho yake yamekwisha.

"Fundi, wewe ni wa Kalemie?"

"Wa Kalemie, Mama."

"Basi sitahitaji kueleza sana."

Baba yake aliitwa Sangwa. Wabelgiji walimchukua jeshini wakati wa vita kuu ya pili, Feza akiwa bado ananyonya. Yeye na wenzake wakavushwa bahari mpaka Burma, huko Asia, kuwasaidia Waingereza waliokuwa wanapigana na Wajapani. Sangwa hakupewa kazi ya bunduki. Alikuwa mbebaji wa machela kwenye hospitali ya vita: mtu akiumizwa huko mbele, Sangwa na wenzake wanakwenda kumchukua. Hakurudi. Mwili haukurudi. Na kwetu, mtu akifia mbali namna hiyo, nguo yake inalazwa ardhini badala yake, watu wanalia mara moja, matanga yanaisha. Lakini nguo haikuwepo. Mashati aliyoyaacha nyumbani, mkewe alikuwa ameyakata zamani yakawa nepi za Feza mwenyewe. Basi miaka yote hiyo matanga yakabaki wazi.

"Nishonee baba nguo ya askari," Nkambo Feza akaniambia. "Nimlaze yeye kwanza, ndipo nilale mimi."

"Kipimo nitatoa wapi, Mama?"

"Mpime Didier. Wazee waliomjua baba walikuwa wakimwona huyu mjukuu wangu wanashtuka. Ukishampima, punguza. Alikufa amekonda. Na suruali iwe ya kamba."

"Ya kamba? Askari, Mama?"

"Ya kamba. Usinirudishe nyuma, nimechoka."

Vijana, hapo ndipo ningeuliza kwa nini. Fundi anauliza. Mtu akitaka mfuko upande wa kushoto unamuuliza, kumbe mkono wa kulia umepooza. Mimi sikuuliza. Nilidhani uzee unazungumza.

Didier mnamjua. Yuko Sandton kwenye jengo la vioo, anapanda ile treni ya kasi, watoto wake wanasema "excuse me" kabla ya kukohoa. Alikuja dukani kupimwa, ana picha za askari kwenye simu, anazipitisha kwa kidole mbele ya uso wangu.

"Papa Fundi, mabega yawe mapana. Mkanda wa ngozi. Na hapa," akajigusa kifuani, "weka tundu."

"Tundu la nini?"

"La risasi, Papa."

"Alipigwa risasi? Mama amesema alikufa amekonda."

"Nkambo anachanganya mambo, amezeeka. Mtu amekwenda vitani. Vitani watu wanakufa na nini, mafua?"

"Na suruali amesema ya kamba."

Akacheka. "Eish, Papa! Ya kamba ni ya kulalia. Unataka babu yetu alale na pajama? Weka vifungo, vya shaba, vile vya zamani. Mimi nimesoma habari hizi, niamini."

Nimesoma. Neno hilo! Mimi ninayejigamba kila siku kwamba shule haikunipa kitu, niliposikia mtu amesoma, nikainamisha kichwa kama mbuzi. Mwanamke aliyenipa kazi ni mama mzazi wa mama yake, binti wa marehemu, nami nikamweka pembeni kwa sababu hana cheti. Kama mimi nisivyo nacho.

Na uovu wenyewe ni kwamba nililifanya lile tundu vizuri. Mjinga angekata na mkasi. Mimi nilipasha msumari kwenye jiko la gesi, nikachoma kutoka nje kwenda ndani, ili nyuzi zijikunje upande wa mwili kama kweli kitu kimeingia. Nikapaka chai ya rangi pembeni, nikaisugua na kizibo. Nikawaita mafundi wa jirani waje waone mkono wa mzee. Wakapiga makofi. Mmoja wao akapiga picha. Ndiyo hiyo picha yenu.

Nikabeba nguo kilimani, imefunikwa na mfuko wa dobi. Nkambo Feza akafuta mikono kwenye kitenge, akaanza kuipapasa. Kola, sawa. Mabega, akanuna kidogo, akaendelea. Kisha kidole chake kikaingia kwenye tundu.

"Panya amekula hapa?"

"Hapana, Mama. Ni... ni ile risasi."

Kidole bado kiko ndani, kimetokea upande wa pili.

"Nani alimpiga baba yangu risasi?"

Nikaanza kuukunja ule mfuko wa dobi.

"Ninakuuliza wewe, Fundi. Huyo mtu aliyempiga ni nani? Mwite hapa."

"Didier alisema..."

"Didier alikuwepo?"

Akashuka kwenye suruali. Akavikuta vile vifungo vya shaba, akavipapasa kimoja kimoja mpaka chini. Nikadhani atalia. Hakulia. Alinitupia ile suruali usoni, kifungo kikanigonga jino. Bado lina ufa.

"Baba yangu aliuawa na vifungo," akasema. "Na wewe umeniletea vifungo."

Ndipo akanieleza, nami nawaeleza ninyi, na msipunguze neno.

Kulikuwa na mwenzake Sangwa aliyerudi kutoka Burma. Alimtembelea mke wa Sangwa, akamweleza yote, na mama huyo alimweleza Feza siku alipoolewa, kwamba sasa umekuwa mtu mzima, jua. Walikuwa wanashusha majeruhi kutoka milimani, mvua haikatiki, tope mpaka magotini, wanakunywa maji yanayopatikana. Sangwa akashikwa na tumbo. Kuharisha damu. Wakamlaza kwenye hospitali ileile aliyokuwa akiwaletea wagonjwa, nyuma kabisa, maana vitanda vya mbele ni vya waliopigwa risasi. Sasa, huyu alikuwa mtu msafi. Kaptula yake aliipiga pasi kwa jiwe la moto, wenzake walimcheka kwa usafi wake. Na suruali ya jeshi ina vifungo vitano, vigumu, mikono yake haina nguvu tena. Kila mara tumbo likimwita, anahangaika na vifungo, hawahi. Hawahi, anajichafua, mbele ya wanaume wenzake. Akaanza kukataa maji ili asiende. Akakataa uji. Mganga wa hospitali anamwambia kunywa, yeye anafunga mdomo. Yule mwenzake ndiye alikuja kuelewa. Akakata vile vifungo vyote kwa kisu, akapitisha bendeji kiunoni ikawa kamba. Sangwa akacheka, akaomba maji, akanywa kopo zima. Lakini alikuwa amechelewa. Aliishi siku mbili tu.

Barua ya Wabelgiji kwa mkewe ilikuwa ya mstari mmoja, na sababu ya kifo neno moja: ugonjwa. Ugonjwa gani hawakusema. Wamemfukia wapi hawakusema. Na askari waliporudi nyumbani wakapangwa uwanjani, majina ya waliokufa kwa risasi yalisomwa kwa sauti. La Sangwa halikusomwa. Mtu amewabebea majeruhi wao mgongoni mwa milima isiyo ya baba yake, amekunywa tope lao, na jina lake halistahili pumzi ya ofisa mmoja! Halafu sisi, damu yake na watu wa mji wake, tunafanya nini? Tunamtoboa kifua ili afanane na wale waliosomwa.

Nilishuka kilima na nguo kwapani, nikijitukana kwa sauti. Watu kwenye teksi walinitazama. Wacha wanitazame.

Didier alipokuja dukani kuchukua nguo, alinikuta nimeng'oa vifungo vyote viko mezani.

"Papa! Pasta ameshaandika hotuba. Watu wamealikwa kutoka Pretoria!"

"Afute."

"Nisimame mbele ya watu niseme nini? Kwamba shujaa wetu alikufa chooni?"

"Hakufika chooni. Ungejua hilo kama ungemuuliza bibi yako."

Akakaa kwenye benchi la wateja, ile tai yake ameilegeza. Akasema kwa sauti ya chini, "Papa, wewe hujui. Shuleni kwa wanangu waliambiwa kila mtoto alete habari ya shujaa wa ukoo wao. Wenzao wana mababu waliopigania nchi hii. Wangu wakakaa kimya. Mwenzao akawaambia ninyi ni makwerekwere, wageni wa kuja, kwenu watu wanakimbia tu vita, hawapigani. Nataka wawe na kitu."

Ilinigusa, siwezi kusema haikunigusa. Lakini hasira ilikuwa bado inachemka.

"Una kitu, bwana. Mtu aliyeingia penye risasi hana bunduki, anakwenda kuchukua wengine. Kisha akafa kwa aibu kwa sababu ya nguo. Hicho hakiwatoshi wanao? Basi nenda kanunue sare ya sinema."

Akainuka, akaondoka bila kuaga. Sikujua kama atarudi.

Kaki ile nzito haipatikani tena, nilikuwa nimeitumia yote. Koti jipya lilikuwa haliwezekani. Nikafumua mshono wa ndani, mahali nilipoacha vile vidole viwili vya Fundi Mukalayi, nikachomoa nyuzi humo, uzi mmoja mmoja, nikalifuma lile tundu juu chini, juu chini, kwa sindano ya shanga. Hiyo ndiyo kazi msiyoijua. Usivute uzi, ulaze. Ukivuta, kitambaa kinakunja uso. Siku mbili nilikaa mlangoni kufuata jua, na macho yangu hayajarudi sawasawa tangu hapo. Mabega nikayapunguza. Mpasuko wa mbele wa suruali nikauziba, nikashona njia ya kamba kiunoni, na kamba yenyewe ni bendeji niliyonunua duka la dawa pale barabara ya Rockey. Nkambo Feza alipopapasa mara ya pili, pale kwenye tundu kidole kilisimama kidogo.

"Bado nalisikia," akasema.

"Nisamehe, Mama."

"Sikusamehi. Lakini umefanya kazi."

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, uani kwao. Ardhi ya kilima kile ni mawe matupu, wanaume wawili walivunja sururu moja. Sanduku la mbao limewekwa juu ya viti, koti limelazwa ndani, suruali imekunjwa juu ya magoti ya Nkambo Feza. Didier alikuja. Akasimama na karatasi ya hotuba ya pasta, akaitazama muda mrefu, akaikunja.

"Tulikuwa tunasema alipigwa risasi," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kinagongana na Kifaransa na Kiingereza. "Hakupigwa. Babu yetu Sangwa alibeba wagonjwa. Akaumwa tumbo. Alihara damu, akafa."

Na nyuma, karibu na lango, mtu akacheka.

Hakuwa mtoto. Ni jitu zima lenye ndevu, linaimba besi kwaya yenu, na linasoma maneno haya sasa hivi. Sitalitaja, linajijua.

Nilikwenda kumshika shati. Nkambo Feza akanizuia kwa mkono, akageuza uso kule kicheko kilikotokea.

"Wewe uliyecheka. Njoo hapa, mwanangu."

Akaja. Angefanya nini, watu wote wamempisha njia.

"Hii kamba bado haijafungwa. Mfunge baba yangu."

Akapiga magoti, akaifunga. Akafunga fundo gumu, kama la gunia. Kikongwe akalipapasa, akalifungua kwa kucha zake, polepole, sisi wote tumesimama juani.

"Hapana. Baba mikono yake haina nguvu. Funga la kuvutika, alifungue kwa kidole kimoja."

Akafunga tena. Akakosea. Akafunga mara ya tatu, jasho linadondoka kwenye kaki yangu, bibi anapapasa, anakataa. Ya nne, Nkambo Feza akavuta ncha moja kwa kidole kidogo, kamba ikafunguka yote mara moja, bila shida.

"Enhe," akasema. "Ndivyo hivyo. Funga hivyohivyo, tumlaze."